Kona ya Mkimbiaji: Vifaa vya Mazoezi vya Kujitengenezea Nyumbani

Barua nyingi za safari hii zinaulizia kitu kimoja, yaani mtu anakimbia vizuri tu ila anataka kuongeza mazoezi mengine ya pembeni na jimu hana au hela ya jimu hana, sasa anajitengenezeaje vifaa? Nimechukua barua 5. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ina hatari ndani yake na nisingependa mtu aumie.

SWALI: Shikamoo kocha. Mi ni kijana wa miaka 23 niko Singida, nakimbia kilomita 10 na nusu marathoni. Tangu Alphonce Simbu, mtu wa huku kwetu, achukue dhahabu ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, mtaani tumekuwa kundi la watu 8 tunaamka saa 11 alfajiri. Tunaambiwa mbio peke yake hazitoshi lazima na vyuma. Tumeona watu wanamwaga zege kwenye makopo ya rangi wanapata vyuma. Tunatengenezaje, na tukishavipata tunafanyia zoezi gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongereni sana, na hilo kundi lishikeni lisivunjike. Mmechagua mfano mzuri. Simbu na yule Mjerumani Amanal Petros walipewa muda uleule, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, kilichowatenganisha ni sehemu 3 za mia za sekunde. Kilomita 42 zote zile alafu mshindi anapatikana kwa kifua. Pale mwishoni pumzi mnayo sawa, mwenye miguu bado ina nguvu ya kusukuma ardhi ndo anapita, na hiyo nguvu vyuma vinaijenga. Mwaka 2018 kuna watafiti walikusanya tafiti za wakimbiaji wa masafa ya kati na marefu waliochanganya mbio na mazoezi ya nguvu, wakakuta mwili unatumia nishati pungufu kwa asilimia 2 hadi 8 kwa mwendo uleule. Kwa mtu anayekimbia nusu marathoni hiyo sio kidogo hata kidogo.

Sasa kabla ya kuwaelekeza niwaambie kilichotupata sisi. Nikiwa na miaka 19 tulimwaga zege kwenye makopo mawili, tukachomeka bomba, likakauka vizuri likapendeza. Wiki ya tatu rafiki yangu kaweka mabegani anachuchumaa, kopo la kushoto likateleza likatoka kwenye bomba zima zima. Upande wa kulia ukabaki na uzito wote, bomba likapinduka, kopo likatua kama upana wa kiganja kutoka kwenye mguu wake. Ukilitazama lile bomba lilikuwa jeupe safi pale lilipokaa, zege halikushika kitu. Bomba ni laini, zege halina pa kushikia, basi hakuna kinachozuia lisichomoke.

Kwa hiyo hapa ndo pa kutulia. Chukueni bomba la maji la chuma la inchi moja, refu mita 1 na nusu. Nendeni nalo kwa fundi wa kuchomelea awatoboe matundu mawili kila ncha, moja kama sentimita 4 kutoka mwisho na lingine sentimita 10, yapishane kama msalaba. Kwenye kila tundu apitishe kipande cha nondo ya milimita 10 kinachotokeza pande zote kama vidole viwili, akipige moto kisichomoke. Hizo nondo ndo zinazoshika zege. Akikataa kuchomelea akasema sio lazima, tafuteni fundi mwingine.

Makopo tumieni ya rangi ya lita 4, mawili yanayofanana kabisa. Zege changanyeni kwa kopo dogo la kupimia, sio hayo ya rangi, simenti kopo moja, mchanga makopo mawili, kokoto ndogo makopo matatu, maji kidogo tu liwe zito, likiwa uji uji linakuja kuwa dhaifu. Simenti mkinunua ya kupimiwa kilo 4 inatosha na inabaki. Mwageni upande mmoja kwanza, simamisheni bomba katikati ya kopo mlipime kwa timazi, hata kamba yenye jiwe inafaa, maana likikaa upande chuma chote kitakuwa kinawavuta kwenda kushoto au kulia na mgongo ndo utalipa. Lifungeni kwa kamba tatu lisiegemee, liacheni siku mbili, ndo mgeuze mmwage upande wa pili. Baada ya hapo lifunikeni kwa gunia bichi mlimwagie maji asubuhi na jioni siku 7, kama fundi anavyomwagilia nguzo. Msiwe na haraka ya kulinyanyua, zege linafika nguvu yake kwenye siku ya 28.

Alafu pelekeni kwenye mizani. Hili watu wengi hawalifanyi na mimi ndo nalisisitiza kuliko yote. Zege lina kama kilo 2.4 kwa lita, kwa hiyo kila kopo litakuja kama kilo 9 na nusu, ukiongeza bomba mnapata karibu kilo 22 au 23, ila karibu sio kipimo. Mwombeni mtu wa mahindi mwenye mizani mpime, tena pimeni kila upande peke yake, alafu andikeni kwa rangi juu ya kopo. Upande mmoja ukizidi hata nusu kilo, funga kipande cha chuma upande mwepesi. Mkishajua uzito ndo mnaweza kuandika kwenye daftari leo nimenyanyua kilo ngapi mara ngapi na mwezi ujao ukajua umepanda au hujapanda.

Zoezi la kufanyia: hilo bomba msiliweke juu ya kifua mmelala, mkimbiaji hahitaji kifua kikubwa na hamna stendi ya kuliokoa mkono ukichoka. Liinueni kutoka chini, miguu upana wa nyonga, mgongo umenyooka, mnasukuma ardhi kwa kisigino mpaka mmesimama wima. Seti 3 za mara 8. Alafu kupanda ngazi au bao imara urefu wa goti, mguu mmoja mmoja, mmeshika galoni la mchanga kila mkono. Galoni la lita 5 likijaa mchanga mkavu linakuja kama kilo 8. Mara mbili kwa wiki zinatosha, fanyeni jioni ya siku mliyokimbia mbio kali ili kesho yake iwe kweli siku ya mwili kupumzika, na msifanye siku moja kabla ya mbio ndefu.

Na vigimbi, jamani vigimbi. Kila mnapokanyaga mkiwa mbioni kano ya kisigino inavutwa kwa nguvu ya mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili, na bado watu wananyanyua vyuma vya mabega wanaacha vigimbi. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole, panda juu kwa miguu miwili, shuka kwa mguu mmoja taratibu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Daktari wa Sweden anaitwa Håkan Alfredson alitoa utafiti mwaka 1998 kwa watu 15 wenye kano mbovu, wakashuka hivyo mara 15 seti 3, goti limenyooka na tena goti limekunjwa, asubuhi na jioni kwa wiki 12, ilipoacha kuuma wakawa wanaongeza mzigo kwa begi la mgongoni. Wote wakarudi kukimbia. Nyie wazima hamhitaji nyingi kiasi hicho, seti 3 za mara 12 kila mguu mara mbili kwa wiki, ikiwa nyepesi tia mchanga kwenye begi. Begi nalo lipimwe.

SWALI: Kocha salaam aleikum. Niko Mombasa, Likoni. Nimekuwa na maumivu ya muundi mguu wa kushoto kwa miezi, daktari akanipiga picha akasema mfupa umeanza kupata ufa, nisikimbie wiki 6. Nimelia kwa kweli maana nilikuwa najiandaa na marathoni yangu ya kwanza. Nyumbani ipo baiskeli ya zamani ya marehemu babangu, ile nyeusi nzito. Naweza kuigeuza iwe ya kufanyia mazoezi nikiwa nimekaa mahali pamoja?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, pole sana. Kulia ni haki yako, mwenye kukimbia ndo anajua. Huo muundi huku bara tunauita ugoko na ukishapata ufa hauna mjadala, wiki 6 ni wiki 6, ukikimbia kwenye wiki ya 4 kwa sababu maumivu yamepungua unaweza kurudishwa mwanzo au mfupa ukakatika kabisa. Muulize daktari wako lini uruhusiwe kukanyaga pedali, wengi wanaruhusiwa mapema maana baiskeli haina kishindo, na siku ukikanyaga ikauma pale pale kwenye ufa, shuka.

Baiskeli ya babako ni bora kuliko unavyodhani. Zile nyeusi zina stendi ya miguu miwili nyuma inayoinua tairi la nyuma kutoka chini, watoto wote tumekaa pale tukakanyaga tukajifanya tunaenda safari. Ila ile stendi haikutengenezwa ibebe mtu mzima anayekanyaga kwa nguvu nusu saa. Nenda kwa fundi wa chuma akutengenezee fremu ya vyuma vya pembe inayoshika ekseli ya nyuma pande zote mbili, chini iwe pana kama sentimita 60 isipinduke, tairi lining'inie vidole vitatu kutoka sakafuni. Tairi la mbele weka kibao chini yake liwe sawa na la nyuma, la sivyo utakuwa unateremka muda wote na mikono itachoka kabla ya miguu.

Sasa tairi likiwa hewani linazunguka bure halina uzito. Uzito unatoka kwenye breki. Kata tyubu ya baiskeli ya zamani upate mkanda mwembamba kama kidole, funga kwenye mkono wa breki ya nyuma uuvute kuelekea kwenye usukani. Ukizungusha mara mbili breki inagusa kidogo, mara tatu inakuwa kama kilima cha kawaida, mara nne unahema. Toa tairi na tyubu kwenye lile gurudumu la nyuma ubakie na rimu ya chuma tupu, kwa sababu breki ikisugua muda mrefu rimu inapata moto na tyubu inaweza kupasuka ukiwa juu. Ukimaliza usiishike rimu kwa mkono mpaka ipoe. Raba za breki zitaliwa, nunua jozi ya akiba.

Kanyaga taratibu dakika 10 kwanza. Alafu dakika 3 kwa nguvu na dakika 2 polepole, mara 6. Hesabu mguu wa kulia kwa sekunde 15, uupate mara 20 au zaidi. Ukipata 12 umefunga breki sana unafanya kazi ya magoti, legeza mzunguko mmoja.

Na dadangu wewe una bahari mlangoni, mbona hujaitaja? Kukimbia ndani ya maji marefu ambapo mguu haugusi chini ndo zoezi linalofanana na mbio kuliko yote, na mfupa haupati kishindo hata kimoja. Mwaka 1997 Marekani kuna utafiti wa wakimbiaji 11 waliofanya wiki 4 nzima mbio za majini tu bila kukimbia nchi kavu, waliporudi kupimwa muda wao wa kilomita 5 haukuwa umepotea. Mkanda wa kuelea unajitengenezea, galoni mbili tupu za lita 3 za mafuta ya kula zifunike vizuri kabisa, zifunge kwa kamba kwenye mkanda mpana au leso iliyokunjwa, zikae nyuma kiunoni sio mbele, zikikaa mbele zinakulaza chali. Zinakuinua kama kilo 6 ambazo zinatosha. Ila hicho sio boya la kukuokoa, ni msaada wa zoezi tu. Kama hujui kuogelea usiingie. Kama unajua, nenda na mtu wa pili anayejua, maji yakiwa yametulia, pale ambapo ukipiga hatua chache unasimama, na usiende wakati maji yanatoka maana yanakuvuta nayo. Mwili wima, mikono kama unakimbia, goti juu na mguu usukume nyuma. Usipige kasia kwa viganja, kunja ngumi.

Utakaporudi barabarani niandikie, nataka kujua.

SWALI: Kocha mambo. Nimepanga chumba kimoja Mbagala, mwenye nyumba hataki kelele na chini kuna watu wanalala. Nifanye nini na nafasi ya mkeka mmoja?

JIBU: Poa kaka. Mkeka unatosha. Pita kwa fundi wa matairi umwombe tyubu mbovu ya gari ndogo, wengine wanakupa bure, na ya pikipiki. Ya gari ikate kwa mkasi upate pete, kama unavyokata kitunguu, kila pete upana wa vidole vinne. Ya pikipiki ikate upate mkanda mrefu, ule ule ambao bodaboda wanafungia mizigo, kipande chenye valvu kitupe. Osha kwa sabuni maana ndani kuna unga mweusi utakaokupaka shuka zima.

Pete moja ivae juu ya magoti, chuchumaa kidogo, tembea kwa ubavu hatua 10 kulia 10 kushoto ukiwa hapo hapo umechuchumaa. Utasikia pembeni ya nyonga panawaka. Hapo ndo penye tatizo la wakimbiaji wengi tu, nyonga ikiwa dhaifu goti linaingia ndani kila hatua, na mtu anahangaika kubadilisha viatu. Ukizoea shusha pete iwe kwenye vifundo vya miguu. Mkanda mrefu ukanyage katikati kwa miguu yote miwili, shika ncha, inama kwa nyonga simama wima, ni kama kunyanyua chuma ila hakuna kinachoanguka kwa watu wa chini. Alafu mgongo ukutani ukae kama una kiti, sekunde 45 mara 4, halina hata mlio.

Kitu kimoja tu, kila siku kabla ya kuanza ivute tyubu dirishani kwenye mwanga uikague. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama udongo mkavu itupe ukaombe nyingine. Ikikatika wakati imevutika inarudi kama kiboko, kwa hiyo kamwe usiivute kwa kuielekeza usoni. Jicho halina fundi.

SWALI: Naitayarisha mifuko midogo ya mchanga nifunge kwenye vifundo vya miguu nikimbie nayo, nikiivua siku ya mashindano niwe mwepesi. Niko Mbulu. Unanishauri mchanga kiasi gani?

JIBU: Sifuri. Najua wazo linaingia akilini vizuri sana ila usifanye. Uzito ukikaa mwisho wa mguu ni tofauti na ukikaa kifuani, gramu 100 tu kwenye kila kiatu zinaongeza kama asilimia 1 ya nishati unayotumia, sasa wewe unataka kufunga kilo. Mguu utaacha kuruka kama ulivyozoea utaanza kuurusha kama rungu, goti na nyonga vitavutwa hatua elfu na elfu, na siku ya mashindano utakuwa umejifunza kukimbia vibaya. Hiyo mifuko unayo tayari, itumie ukiwa umelala ubavu unainua mguu wa juu, seti 3 za mara 15.

Alafu uko Mbulu! Kwa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 na goti limefungwa bandeji. Milima ya huko ndo mzigo wenyewe. Tafuta mwinuko wa mita 100, panda kwa nguvu shuka kwa kutembea, mara 8, na hakuna kitu cha kushona.

SWALI: Kocha, kundi letu Iringa tunaburuta tairi la lori kwa kamba. Wenzangu wawili wanalalamika kiuno. Tuache?

JIBU: Kuburuta ni zuri sana kwa mkimbiaji maana linajenga msukumo wa mbele bila kishindo, msiache, ila badilisheni tairi. La lori linaweza kupita kilo 50, hapo hamkimbii tena mnainama na kuvuta kama ng'ombe wa jembe, kiuno lazima kiume. Chukueni la gari ndogo, linakuwa kama kilo 8 mpaka 10, mkiona jepesi wekeni jiwe ndani mlilolipima. Kipimo ni hiki, mtu akitazama kwa pembeni aone bado unakimbia, kifua kiko juu na magoti yanapanda. Ukikunjika kiuno punguza.

Kamba iwe ndefu mita 3 au 4, ikiwa fupi inakuvuta kwenda chini na tairi linakugonga visigino kwenye mteremko. Msiifunge tumboni moja kwa moja, tafuteni mkanda wa siti ya gari bovu kwa wauza vipuri, ni mpana haukati ngozi, uvaeni chini kwenye mifupa ya nyonga. Mita 30, pumzika dakika 2, mara 6, kwenye udongo au majani sio lami. Hao wenzako wawili wapumzike kuburuta mpaka kiuno kiache kuuma, ikipita wiki mbili bado kinauma waende hospitali. Na tairi likishaanza kutoa nyuzi za chuma pembeni litupeni, zile nyuzi zinachana mguu wa anayekuja nyuma yako.